Viwango, agizo, kanuni au mamlaka moja: njia ipi ya kuoanisha udhibiti wa fedha haramu?

Kati ya mwaka 2007 na 2015, tawi la Danske Bank mjini Tallinn lilipitisha takriban yuro bilioni 200 za wateja ambao hawakuwa wakazi wa Estonia, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuja kutiliwa shaka. Makao makuu ya benki yako Copenhagen. Mwaka 2008 benki iliacha mradi wa kuunganisha tawi hilo na mfumo wa kompyuta wa makao makuu kwa sababu ya gharama, na nyaraka nyingi za wateja zilikuwa kwa Kiestonia na Kirusi. Kwa hiyo aliyekaa Copenhagen hakuwa na namna ya kuzisoma, hata kama angetaka. Mambo yalipolipuka mwaka 2018, msimamizi wa benki wa Denmark na wa Estonia kila mmoja alikuwa na hoja ya kisheria ya kuonyesha kwamba kazi ile ilikuwa ya mwenzake.

Jambo ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki hulipita haraka ni kwamba nchi zote mbili zilikuwa chini ya agizo lile lile la Umoja wa Ulaya, la mwaka 2005. Masharti ya kumtambua mteja yalikuwa yale yale pande zote mbili. Kilichokosekana ni jicho moja lenye haki ya kutazama pande zote mbili.

Ndiyo maana nikisikia jumuiya ya nchi inasema inataka "kuoanisha sheria", nauliza kwanza inataka kuoanisha nini. Neno hilo hubeba mambo matatu. Kuna maandishi: nani anaweka masharti ya kumjua mteja na mmiliki manufaa (mtu halisi aliye nyuma ya kampuni), na ya kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Kuna ukaguzi: nani anabisha hodi benki, anafungua faili na kuuliza kwa nini kampuni isiyo na ofisi wala mfanyakazi inapokea mamilioni. Na kuna adhabu: nani anatoza faini au kufuta leseni. Nchi zinaweza kulingana neno kwa neno katika la kwanza, zikaachana mbali kabisa katika mawili yaliyobaki.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitamtumia mteja wa kubuni. Kampuni yake imesajiliwa nchi ya kwanza. Akaunti yake iko kwenye tawi lililo nchi ya pili. Benki yenye tawi hilo ina makao makuu nchi ya tatu. Fedha zinatoka nchi ya nne, zinalala kwenye akaunti usiku mmoja, kisha zinaondoka. Tutamwita mteja wa nchi nne. Kwa kila njia swali ni lile lile: nani anamwona mtu huyu akiwa mzima, si kipande kipande?

| Njia | Anayeandika | Anayekagua | Anayeadhibu |
|---|---|---|---|
| Viwango vya FATF | Kikosi kazi cha kimataifa dhidi ya fedha haramu (FATF). Kila nchi inatunga sheria yake | Msimamizi wa kila nchi | Kila nchi. Nchi yenyewe huadhibiwa kwa orodha |
| Agizo la kikanda | Jumuiya inaweka lengo, bunge la nchi linaandika | Msimamizi wa kila nchi | Kila nchi. Jumuiya huishtaki nchi iliyochelewa |
| Kanuni moja | Jumuiya, bila kupitia mabunge | Msimamizi wa kila nchi, au wa kanda kwa benki | Aliyekagua |
| Jopo la wasimamizi | Haliandiki | Kila msimamizi kwake, lakini wanakaa meza moja | Kila nchi |
| Mamlaka moja | Jumuiya | Mamlaka, pamoja na maafisa wa nchi | Mamlaka |

Viwango vya FATF: ubao wa matokeo

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila nchi tayari imo, ipende isipende. FATF ilianzishwa mwaka 1989 na kundi la nchi saba katika mkutano wa Paris, ikatoa Mapendekezo 40 mwaka uliofuata. Baada ya 2001 yaliongezwa mapendekezo maalumu kuhusu ufadhili wa ugaidi, na mwaka 2012 yote yalisukwa upya yakarudi kuwa 40. Si mkataba, wala hakuna bunge lililoyaridhia. Hata hivyo zaidi ya nchi na maeneo 200 yamejifunga nayo, ama ndani ya FATF yenyewe ama kupitia vyombo tisa vya kikanda, kama ESAAMLG ya mashariki na kusini mwa Afrika au MONEYVAL ya Baraza la Ulaya.

Nguvu yake iko kwenye tathmini. Wataalamu kutoka nchi nyingine wanasoma sheria zako, wanakaa na benki, waendesha mashtaka, polisi na wasajili wa kampuni, kisha wanatoa alama za aina mbili. Za kwanza zinapima kama sheria inatimiza kila pendekezo. Za pili zinapima matokeo 11, yaani kama mfumo unafanya kazi kweli. Hizi za pili ndizo zinazouma. Sheria ya jirani inaweza kunakiliwa kwa wiki moja. Kesi zilizofikishwa mahakamani na mali zilizotaifishwa hazinakiliki.

Ukifeli sana unaingia orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu hadi zirekebishe kasoro zao. Utafiti wa wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotoka mwaka 2021 ulikadiria kwamba kuingia humo kunapunguza mtaji unaoingia nchini kwa wastani wa asilimia 7.6 ya pato la taifa. Hakuna waziri wa fedha anayeipuuza namba hiyo. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025. Afrika Kusini na Nigeria ziliingia pamoja Februari 2023, zikatoka pamoja Oktoba 2025. Malta iliingia Juni 2021 na kutoka mwaka mmoja baadaye, ikiwa mwanachama kamili wa Umoja wa Ulaya muda wote huo. Kisa cha Malta nitakirudia.

Sasa udhaifu. Ubao wa matokeo unamtisha mdogo kuliko mkubwa. FATF ilitaka mawakili, wahasibu na mawakala wa nyumba waingizwe kwenye udhibiti tangu marekebisho ya mwaka 2003. Australia ilipitisha sheria ya kuwaingiza mwishoni mwa 2024, na wajibu wao ukapangwa kuanza Julai 2026. Kanada imewaacha mawakili nje tangu Mahakama ya Juu ilipotetea siri ya wakili na mteja mwaka 2015. Marekani, katika tathmini ya 2016, ilipata alama ya chini kabisa kwenye pendekezo la kujua wamiliki wa kampuni. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyowekwa kwenye orodha ya kijivu. Nikisikia viwango hivi ni vya hiari, huuliza hiari hiyo ni ya nani.

Na mteja wa nchi nne? FATF haimwoni kabisa, maana inapima nchi na haifungui mafaili ya wateja. Nchi zote nne zinaweza kuwa na alama nzuri huku fedha zake zikipita vizuri tu.

Agizo: lengo moja, mabunge mengi

Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake la kwanza mwaka 1991, likifuatwa na la 2001, la 2005, la 2015 na la 2018. Agizo linasema kinachotakiwa kufikiwa, halafu kila bunge linaandika sheria yake kufikia hapo. Mvuto wake unaeleweka: nchi inabaki na mkono wake kwenye kalamu, na inaweza kuweka masharti makali zaidi ikitaka.

Ila kuna bei mbili. Ya kwanza ni muda. Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitoza Romania yuro milioni 3 na Ireland yuro milioni 2 kwa kuchelewa kuingiza agizo la 2015 kwenye sheria zao, na wakati huo agizo la 2018 lilikuwa limeshatoka. Nchi zinakimbiza gari ambalo halisimami kituoni. Ya pili ni tafsiri. Maneno "hatua za kutosha" yakipita kwenye mabunge 27 yanatoka na maana 27, na benki yenye matawi katika nchi kumi inalazimika kuajiri mtu wa kufuatilia tofauti ndogo ndogo za kila nchi. Mtu huyo angeweza kuwa anachunguza wateja.

Jumuiya ya UEMOA ya Afrika Magharibi ilipita njia inayofanana, kwa agizo la mwaka 2015 na sheria ya mfano ambayo kila nchi inaipitisha. Tofauti za maandishi huko ni ndogo kuliko za Ulaya. Hata hivyo Burkina Faso na Senegal ziliingia orodha ya kijivu Februari 2021, Mali Oktoba mwaka huo huo, na Côte d'Ivoire Oktoba 2024. Sheria zao zilikuwa karibu nakala moja, lakini kila nchi ilikwama kivyake, na zilizotoka zilitoka kila moja kwa tarehe yake.

Kanuni moja: kila mtu anasoma ukurasa ule ule

Kanuni haipiti bungeni. Siku ikianza kutumika ni sheria katika kila nchi mwanachama, kwa maneno yale yale. Afrika ya Kati ilifika hapa kabla ya Ulaya: nchi sita za jumuiya ya CEMAC zilipitisha kanuni ya pamoja Aprili 2016. Ulaya imefuata kwa Kanuni namba 1624 ya mwaka 2024, itakayoanza kutumika tarehe 10 Julai 2027.

Ukiisoma kanuni ya Ulaya unaona faida ya njia hii iko wapi: kwenye namba na fasili. Malipo ya biashara kwa fedha taslimu hayatazidi yuro 10,000 popote, ingawa nchi inaruhusiwa kuweka kiwango cha chini zaidi. Mmiliki manufaa ni mwenye asilimia 25 au zaidi. Chini ya agizo ilikuwa zaidi ya asilimia 25, na tofauti hiyo ya nukta moja si ndogo kwa anayegawa hisa kwa rula. Klabu za soka za kulipwa na mawakala wa wachezaji wanaingizwa pia, ila wao wamepewa hadi Julai 2029. Ninavyoona, fasili ndiyo sehemu inayostahili zaidi kuwa moja. Kama nchi mbili hazikubaliani nani anaitwa mmiliki wa kampuni, daftari la wamiliki la moja halimsaidii mkaguzi wa nyingine.

Tatizo la kanuni ni ugumu wake wa kubadilika. Aina mpya ya ulaghai huchukua miezi kuenea, ilhali kanuni ya kikanda huchukua miaka kurekebishwa. Tena si kila kitu kinaingia. Ulaya yenyewe iliacha madaftari ya wamiliki, vitengo vya taarifa za fedha (ofisi za serikali zinazopokea taarifa za miamala yenye shaka) na mpangilio wa wasimamizi ndani ya agizo jipya, namba 1640 la mwaka 2024, kwa kuwa huko ndiko katiba na mahakama za nchi zinapogongana. Na hata maandishi ya kikanda yanaweza kukatwa na hakimu: tarehe 22 Novemba 2022 Mahakama ya Haki ilibatilisha sharti la kuwafungulia watu wote madaftari ya wamiliki manufaa, kwa kulinda faragha, na baadhi ya nchi zilifunga madaftari yao ndani ya siku chache.

Mteja wa nchi nne hapa anabanwa kidogo. Kampuni yake na akaunti yake sasa vinapimwa kwa kipimo kimoja. Bado, anayepima ni mwingine kila mahali.

Jopo la wasimamizi: njia isiyopigiwa ngoma

Baada ya kisa cha Tallinn, mamlaka za usimamizi za Ulaya zilitoa mwongozo Desemba 2019: kila taasisi yenye shughuli katika angalau nchi tatu wanachama iundiwe jopo. Msimamizi wa nchi ya makao makuu ndiye anayeliitisha. Wa nchi zenye matawi na kampuni tanzu wanakaa humo kama wajumbe wa kudumu. Wanaokagua mtaji na uimara wa benki, pamoja na vitengo vya taarifa za fedha, wanaweza kualikwa kama waangalizi. Hata msimamizi wa nchi isiyo mwanachama anaweza kuingia, ikithibitika kwamba sheria za kutunza siri kwake zinalingana na za wenzake.

Njia hii inastahili umaarufu kuliko ilio nao. Haihitaji mkataba mpya wala jengo. Inahitaji makubaliano ya kubadilishana taarifa, orodha ya mawasiliano inayofanya kazi, na mtu wa kuandika mihtasari. Na ndiyo ya kwanza kati ya hizi tano inayoweza kumwona mteja wetu mzima: msimamizi wa tawi anasema ameona fedha zinalala usiku mmoja, wa makao makuu anasema ripoti za kikundi hazionyeshi kitu hicho, na hapo hapo swali linazaliwa.

Ila jopo haliamui. Kila mjumbe akirudi kwake anafanya anachotaka. Tena wenzi huoneana haya. Aprili 2019 Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilipelekewa pendekezo la kutamka kwamba wasimamizi wa Denmark na Estonia walivunja sheria ya Umoja katika kisa cha Danske. Bodi ya kuamua ilikuwa ya wakuu wa usimamizi wa nchi wanachama wenyewe, na ikalikataa. Huhitaji kuwa na roho mbaya kuelewa kwa nini: leo ni mwenzako, kesho ni wewe.

Kuna kizuizi kingine kisichoonekana kirahisi. Vitengo vya taarifa za fedha vina mtandao wao wa kubadilishana, Egmont, ulioanzishwa mwaka 1995 na sasa una vitengo zaidi ya 170. Lakini taarifa inayopita huko kwa ajili ya upelelezi haiwezi kutumiwa kwa jambo jingine bila idhini ya aliyeitoa. Kwa hiyo nchi moja inaweza kuwa na habari ya mteja wetu kwenye jengo moja, huku msimamizi wa benki kwenye jengo la pili hana habari. Anayeunda jopo bila kurekebisha hili anaunda kikao cha chai.

Mamlaka moja: jicho, mkono na faini

AMLA, mamlaka mpya ya Ulaya, ilianza kazi Julai 2025 mjini Frankfurt baada ya miji tisa kuigombea. Kuanzia 2028 itasimamia moja kwa moja taasisi 40 za fedha zenye hatari kubwa, zilizochaguliwa kati ya zile zinazofanya shughuli katika angalau nchi sita wanachama. Timu zake zitachanganya watumishi wake na maafisa wa nchi husika. Gharama zitatoka kwenye bajeti ya Umoja na kwenye ada za taasisi zinazosimamiwa. Zilizobaki, ambazo ni maelfu kwa maelfu, zitaendelea chini ya wasimamizi wa nchi, huku AMLA ikiwaangalia wao.

Sababu ya kufika huku inaeleweka vizuri kwa kisa cha ABLV ya Latvia. Tarehe 13 Februari 2018 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza nia ya kuifungia benki hiyo mlango wa dola kwa tuhuma za utakatishaji. Tarehe 24 mwezi huo huo Benki Kuu ya Ulaya ilitangaza kwamba benki inaelekea kuanguka. Benki Kuu hiyo ilikuwa ikiisimamia ABLV kwa upande wa mtaji tangu 2014, lakini haikuwa na mamlaka ya kuikagua kwa fedha haramu. Hilo lilikuwa la Riga. Siku 11, na aliyewasha taa alikuwa Washington.

Hapa niseme pembeni kidogo. Huo mkono wa Washington ni njia ya sita ya kuoanisha, ambayo hakuna aliyeichagua. Benki inayotaka kulipa kwa dola inahitaji benki wakala Marekani, na benki wakala ina masharti yake. Danske yenyewe ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani Desemba 2022 na kukubali kulipa takriban dola bilioni 2. Njia hii ina kasi kuliko zote na haina huruma: benki wakala ikiona nchi fulani inasumbua kuliko faida inayoleta, inafunga akaunti na kuondoka, na wanaoumia ni watuma fedha wa kawaida na mashirika ya misaada. Jumuiya isiyooanisha yenyewe huoanishwa na wengine.

Turudi kwa mamlaka moja. Mteja wa nchi nne, kama benki yake imo kwenye zile 40, hatimaye ana mtu mmoja wa kumwona mzima na kumwadhibu aliyemkaribisha. Kama benki yake inafanya shughuli nchi tano tu, hayumo. Fedha haramu hufuata mteremko, na sitashangaa zikihamia kwa taasisi ndogo zilizo chini ya kizingiti.

Mpaka wa pili wa njia hii unaonekana tena Afrika Magharibi. Benki za UEMOA zina tume moja ya kuzisimamia, yenye makao Abidjan. Bado nchi zake ziliingia orodha ya kijivu, kwa sababu FATF haipimi benki peke yake. Inapima pia wauzaji wa dhahabu, madalali wa nyumba, mahakama na polisi. Msimamizi mmoja wa benki hafiki huko. Kisa cha Malta ni kile kile: agizo la pamoja, soko la pamoja, ila mambo yaliyotajwa FATF ilipoiorodhesha yalikuwa usahihi wa taarifa za wamiliki wa kampuni na matumizi ya taarifa za kiintelijensia dhidi ya ukwepaji kodi. Hayo ni ya ndani ya nchi.

Na msidhani mpaka wa nchi ndio chanzo pekee cha mgawanyiko. Uingereza, nchi moja, iliwaachia vyama vya kitaaluma zaidi ya 20 kazi ya kusimamia mawakili na wahasibu, kisha mwaka 2018 ikaanzisha ofisi ya kuwasimamia wasimamizi hao.

Uchague ipi

Swali la kwanza ninaloliangalia ni kama leseni inavuka mpaka. Pale ambapo benki ikipata leseni nchi moja inaweza kufungua tawi nchi nyingine bila leseni mpya, makubaliano ya maandishi peke yake hayatoshi, maana tawi linatembea na msimamizi habanduki. Hapo jopo ni la lazima, na mamlaka moja inastahili kufikiriwa. Pale ambapo kila nchi inatoa leseni yake na benki zinafungua kampuni tanzu, msimamizi wa nchi mwenyeji ana meno kamili. Jopo na fasili za pamoja zinaweza kutosha kwa miaka mingi.

La pili ni mahakama. Kanuni inayotumika moja kwa moja inahitaji mahakama ya jumuiya ambayo hukumu yake inatekelezwa, hata dhidi ya mwanachama mkubwa. Bila hiyo, mkiandika kanuni mmeandika agizo lenye jina zuri. Ni afadhali kuwa mkweli na kuchagua agizo, kisha muweke tarehe na faini.

La tatu, na hili wengi hawapendi kulizungumza vikaoni, ni pengo kati ya msimamizi hodari kuliko wote na dhaifu kuliko wote. Pengo likiwa dogo, mamlaka moja inaongeza kidogo juu ya jopo. Likiwa kubwa, jopo linageuka darasa ambalo mmoja anafundisha na mwingine anasinzia, na wateja wa nchi nne wanajua aliyesinzia ni yupi. Lakini pengo kubwa ndilo pia linalofanya mamlaka moja iwe ngumu kukubalika, kwa kuwa maafisa wengi watatoka nchi moja au mbili na wengine wataona wametawaliwa.

Kama ningeulizwa na jumuiya isiyo na fedha za kujenga Frankfurt yake, ningeshauri mpangilio huu. Waanze na jopo kwa kila benki yenye shughuli nchi tatu au zaidi, na kabla ya kikao cha kwanza warekebishe sheria za siri ili kitengo cha taarifa za fedha kiruhusiwe kumweleza msimamizi wa benki, wa ndani na wa jirani. Kisha waandike kanuni fupi ya fasili tu: mteja, mmiliki manufaa, muamala wa mara moja, kiwango cha fedha taslimu, fomu moja ya taarifa ya muamala wenye shaka. Mengine yabaki kwenye agizo. Mamlaka moja ije baadaye, ikianza na benki chache, na ipewe tangu siku ya kwanza haki ya kuchukua taasisi kutoka kwa msimamizi wa nchi anayesuasua. Bila haki hiyo itakuwa kamati nyingine ya kuandika ripoti.

Tathmini ya FATF haiepukiki kwa vyovyote, kwa hiyo itumike kama kioo na si kama mpango. Nimeona miswada ya sheria ambayo kila kifungu kimepachikwa namba ya pendekezo pembeni, kana kwamba ni mtihani wa kujaza nafasi. Inapata alama za maandishi na kufeli kwenye matokeo 11.

Na jopo likikaa mara ya kwanza, ajenda isianze na hotuba. Wachague tawi moja, waombe mafaili ya wateja 20 wasio wakazi, na waone inachukua siku ngapi mafaili hayo kufika makao makuu, na kama kuna anayeweza kuyasoma yakifika.